Mzazi apewe kitufe: niliyowaambia wazazi na matineja wanaoimba kwa sauti kubwa

(Nimeandika kama nilivyoongea, nimetoa tu vicheko na zile sehemu nilizosimama kusubiri waliochelewa wakae.)

Haya jamani habari zenu. Naona mmekaa kama kawaida yenu, wazazi huku mbele, vijana kule nyuma karibu na mlango, wengine mmeshavaa hedifoni kabla hata sijafungua mdomo, sawa tu, sina neno. Mimi nafundisha kuimba, na wengi ninaowafundisha wana miaka 13 mpaka 18, kwa hiyo kesi za nyumbani zinanifikia zote. Kijana anakuja amenuna, namuuliza vipi leo, anasema mama kanizimia, au baba kasema nikiimba tena humu ndani ananitoa mimi na hiyo spika yangu. Alafu usiku mzazi naye ananipigia, mwalimu hebu nisaidie, hivi mtu hawezi kuimba mpaka apayuke?

Mi niko katikati, nawapenda wote, na leo nina jambo moja tu la kusema. Ugomvi wenu hauko kwenye ukubwa wa sauti. Nyie mnadhani uko hapo ndo maana kila siku ni punguza, sijaongeza, nimesema punguza, nimeshapunguza, na hakuna aliyewahi kushinda hiyo kesi. Ugomvi uko kwenye nani ana uwezo wa kuizima hiyo sauti. Nitafika huko, mnivumilie, naanza na kijana kwanza maana yeye ndo mshtakiwa.

Wazazi, kwanza muelewe hicho chombo alichonacho mwanao shingoni. Nyuzi za sauti ni vikunjo viwili vidogo ndani ya koo, hewa ikipanda kutoka mapafuni inavitikisa ndo sauti inatoka. Mnajua puto lililojaa ukivuta ule mdomo wake kwa vidole viwili hewa ikatoka kidogo kidogo linalia wiii, na ukivuta zaidi mlio unapanda? Basi ni hivyo hivyo. Kwa mwanamke mtu mzima vina urefu wa kama milimita 12 hadi 17, kwa mwanaume 17 hadi 25, kitu kidogo kabisa, na ukiimba ile noti ambayo okestra nyingi hupatania vyombo vyao, ile inayoitwa "la", ya hezi 440, vinafunguka na kufunga mara 440 kwa sekunde moja.

Sasa kwenye balehe hivyo vikunjo vinarefuka na vinanenepa. Kwa wavulana sauti inashuka karibu oktava nzima, yaani kama kutoka do mpaka do ya chini yake, kwa wasichana nayo inashuka ila kidogo tu. Maana yake mtoto wa miaka 14 ana chombo ambacho mwaka jana hakikuwa hivi na mwaka kesho hakitakuwa hivi. Lazima akijaribu, kila siku, maana kila siku anakikuta kimebadilika. Na hapa kuna kitu wazazi wengi hamkijui, mnamwambia mtoto wimbo huohuo uimbe lakini taratibu, mnadhani mmemrahisishia, kumbe mmempa kazi ngumu zaidi. Kuimba noti ya juu kwa sauti ndogo ikatoka safi bila kupasuka ni kazi ya watu waliofundishwa muda mrefu. Anayeanza ile noti haimtokei mpaka asukume hewa, na akisukuma nyumba nzima inajua. Hiyo si jeuri. Jeuri zipo, sikatai, kuna wanaoimba makusudi baada ya kunyimwa simu, tunawajua (msicheke huko nyuma), lakini mara nyingi si hilo.

Alafu kuna raha yake, na hii mzazi asiyeimba inampita kabisa. Ukiimba unavuta hewa haraka unaitoa taratibu kwa kirefu, mstari baada ya mstari, na mapigo ya moyo yana tabia ya kupungua pale unapotoa hewa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg kule Uswidi waliwaimbisha vijana wa miaka 18 kwa pamoja huku wanawapima mioyo, wakakuta mapigo yao yanapanda na kushuka kwa kufuatana, kwa sababu wimbo umewapangia wote lini wavute na lini watoe. Sasa chukua mtu wa miaka 15, mtu ambaye mwili wake mwenyewe unamshangaza, hajui amechukia nini na amefurahia nini, alafu mwonyeshe kitu kinachomtuliza kwa dakika 4 na hakihitaji ruhusa ya mtu wala bando. Ataacha? Wewe ungeacha?

Kingine, hajisikii. Nasema kweli kabisa, akikwambia sijaongeza sauti mara nyingi anaamini anachosema. Ndani ya sikio kuna msuli mdogo sana, ndo mdogo kuliko yote ya aina yake mwilini, na mtu akitoa sauti huo msuli unakaza ili sauti yake mwenyewe isimuumize. Kwa hiyo sauti yake inamfikia imeshapunguzwa, wewe inakufikia nzima. Juu ya hapo anajisikia pia kupitia mifupa ya kichwa, ndo maana kila mtu akisikia rekodi yake mara ya kwanza anasema huyu si mimi. Sasa ongeza hedifoni. Mfaransa mmoja, daktari wa masikio Étienne Lombard, alionyesha tangu mwaka 1911 kwamba mtu akiwekewa kelele masikioni anapandisha sauti bila kujua, na kelele ikikatwa sauti inashuka yenyewe. Mwanao akivaa hedifoni na mziki umejaa ndo yuko humo humo kwenye jaribio la Lombard. Anapaa na hajui kama amepaa.

Haya, nimemtetea vya kutosha, sasa nyie vijana toeni hizo hedifoni muwasikie wazazi wenu wanasikia nini.

Kuna mara nilikaa sebuleni kwa mzazi mmoja namsubiria amalize mahesabu yake tuongee, binti yuko chumbani mlango umefungwa. Mziki wenyewe hatuusikii, uko kwenye hedifoni zake. Tunasikia mstari mmoja, kwa nguvu. Kimya. Kimya kirefu mpaka mama kaanza kujumlisha tena. Alafu ghafla noti ya juu, inapanda, inakwaruza, inapasuka, "aaagh!" Kimya. Alafu mstari uleule kutoka mwanzo. Mama kashika kalamu juu ya karatasi haandiki, ananiangalia, ananambia mwalimu unasikia, anarudia tena, hapo hapo anaporudiaga. Akasimama akagonga mlango, we! hebu punguza hiyo sauti! Na kutoka ndani, sijaongeza mama! Wote wawili walikuwa wanasema ukweli.

Mzazi hausikii wimbo. Anasikia nusu ya wimbo. Mwaka 2010 Lauren Emberson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell Marekani walionyesha kwamba kusikia upande mmoja wa maongezi ya simu kunavuruga umakini kuliko kusikia pande zote mbili, kwa sababu ubongo unabaki unabashiri kile usichosikia na hauwezi kuacha. Wao walipima maongezi, hawakupima nyimbo, lakini mimi niliyekaa kwenye ile sebule naona ni jambo lilelile. Mdundo unao wewe, mama yako amebakiwa na mikato. Afadhali hata ungewasha spika akasikia na ngoma zake, ingawa najua kuna wazazi hapa wananiangalia vibaya kwa kusema hivi.

Na hiyo sauti yenyewe inapenya. Johan Sundberg, mtaalamu wa sauti wa Uswidi, alieleza miaka ya 1970 kwa nini mwimbaji wa opera mmoja anasikika juu ya okestra nzima bila maiki, ni kwamba amefundishwa kurundika nguvu ya sauti yake kwenye maeneo ya hezi 3000, pale okestra imepungua na pale sikio la binadamu ni kali zaidi. Ile sauti ya kung'aa mnayoitafuta, ile mnayosema "imetoka!", inaelekea hukohuko. Imetengenezwa ipenye, na kwa mlango wa chumbani haishindwi.

Na saa zenyewe mnazochagua. Homoni ya usingizi, melatonini, kwa mtu wa umri wenu inachelewa kutoka, mara nyingi kwa saa 1 mpaka 2 kuliko mlivyokuwa wadogo, kwa hiyo saa nne usiku nyie ndo kwanza kumekucha, mzazi mwili wake umeshafunga hesabu. Hakuna mwenye kosa hapo ila mmoja anatakiwa kuamka mapema na si wewe unayelipa bili.

Sasa nifike kwenye kitufe.

Kuna watafiti wawili Wamarekani, David Glass na Jerome Singer, mwaka 1972 walichapisha matokeo ya majaribio yao kuhusu kelele. Waliwaweka watu chumbani wafanye kazi za kichwa huku wanapigiwa mikupuo ya kelele kali, na kwa wengine ile kelele inakuja ovyo bila mpangilio. Watu walifanya kazi, wakazoea, mambo yakaenda. Shida ilikuja baadaye kelele ilipoisha, wakapewa mafumbo na karatasi za kusahihisha, na wale waliopigiwa kelele ya ovyo walikata tamaa mapema na makosa mengi yaliwapita. Lakini kulikuwa na kundi lingine, kelele ni ileile, ovyo ileile, ila hawa waliambiwa hapo pembeni kuna kitufe, ukizidiwa bonyeza itazima, ila tungependelea usibonyeze. Wengi wao hawakubonyeza. Na bado walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao. Kelele waliisikia yote jamani, kilichowasaidia ni kujua kwamba wanaweza kuizima.

Niliposoma hii nikasema kumbe ndo kesi zote ninazopigiwa simu! Mzazi hasumbuliwi na desibeli, yaani ukubwa wa sauti, peke yake, huyu mtu alipita foleni, akakaa kwenye mikutano yenye makelele, pengine anaenda harusini anakaa chini ya spika anacheza. Kinachomuua ni kwamba sauti hii inaanza wakati hajui, inaisha wakati hajui, inarudia hajui mara ngapi, na kuizima kwake lazima kupitie ugomvi. Na kijana naye shida yake ni hiyohiyo kwa upande wa pili, kwamba muda wowote katikati ya noti mlango unaweza kugongwa. Hana hata dakika moja ambayo ana hakika ni yake. Kwa hiyo anaimba kwa kuwahi, kwa hasira, na mtu anayeimba kwa kuwahi anaimba kwa nguvu.

Ninachowaambia mfanye ni hiki. Mzazi apewe kitufe. Chagueni ishara, kugonga mlango mara mbili, ujumbe kwenye simu, kuwasha na kuzima taa ya korido, chochote ambacho si kufoka. Ishara ikitoka sauti inazima palepale. Si "dakika moja mama namalizia", hapana, hata kama uko kwenye ile noti uliyoitafuta wiki nzima, unafunga mdomo. Na hakuna maswali, mzazi hatakiwi kueleza kwa nini, anaumwa kichwa, ana simu, amechoka tu, haikuhusu. Ukianza kudai sababu kitufe kimekufa, imekuwa kesi tena.

Nyie wazazi mnatoa nini? Mnatoa muda ambao kitufe hakifanyi kazi. Nusu saa, saa nzima, mtakavyoelewana, muda unajulikana, na ndani ya huo muda mtoto anaimba mpaka madirisha yalie na hakuna mtu anayepita anaguna. Kuguna ni kubonyeza kitufe, na kile kicheko cha pembeni na shangazi ni kubonyeza kitufe. Kama huwezi kuvumilia hiyo nusu saa toka, katembee, weka mambo yako ya nje muda huo, tena wengi wananambia ndo wamepata mazoezi ya mwili hivyo hivyo. Na kijana aseme mapema, mama leo nina wimbo mpya nitarudia sana pale korasi inapopanda. Inaonekana jambo dogo sana hilo la kusema mapema ila kumbukeni wale wa kelele za ovyo.

Itaharibika, nawaambia kabisa. Wiki za mwanzo mzazi anabonyeza kila siku kama mtu aliyepewa rimoti mpya, kijana anakuja kwangu analia mwalimu ananionea. Namwambia vumilia, azime, azime tena. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba mzazi akishaamini kitufe kinafanya kazi anapunguza kukibonyeza mwenyewe, kama wale wa kwenye jaribio. Kuna wasiopunguza, wapo, na hao inabidi tukae nao pembeni maana hapo tatizo si kuimba tena, kuna kingine kati yake na mwanae na kuimba kumebeba lawama tu.

Baba mmoja kanambia hapo nje kabla hatujaanza, mwalimu ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka, huyu atajiharibu koo. Baba, una haki nusu. Kuimba kwa nguvu kwenyewe hakuharibu, kukaba koo ndo kunaharibu. Mtu akisukuma hewa huku shingo imekaza mishipa imesimama kidevu kimeenda juu, vile vikunjo vinagongana kwa nguvu, leo, kesho, mwezi, mwishowe vinaweza kuota vinundu na sauti inakuwa ya kukwaruza muda wote. Dalili msizidharau, kuimba kusiume kabisa, kukiuma acha siku hiyo. Sauti ikikauka baada ya kushangilia mpira ikarudi kesho kutwa sawa, lakini ikikwaruza wiki 3 hairudi, mpelekeni kwa daktari wa masikio pua na koo akaangalie, msimalizane naye kwa kumwambia si nilikwambia. Na maji anywe, na akiamka asianze na noti ya juu.

Alafu kuna mrija. Hapa mbele nimeweka mirija ya kunywea na glasi za maji, mtachukua. Unaweka mrija mdomoni midomo inaziba vizuri pembeni isivujishe, ncha ya chini inaingia kwenye maji vidole viwili hivi, alafu unaimba "uuu" kupitia mrija, wimbo wako uleule, unapanda unashuka, maji yanatoa mapovu. Mapovu yakitoka sawasawa hewa yako iko sawa, yakikatika katika ujue umekaba. Ingo Titze, mwanasayansi wa sauti kule Marekani, ameandika sana kuhusu hili, kwamba ukiziba njia ya mbele hivyo shinikizo linarudi nyuma kidogo linasaidia vikunjo vitikisike bila kugongana kwa nguvu. Kwa hiyo mtoto anaifanyia kazi hiyohiyo noti ya juu, koo linapumzika, na wewe sebuleni unasikia kitu kama nyuki mbali. Saa nne usiku atumie mrija. Haitoshi peke yake, atataka kuimba kwa mdomo wazi tu, ila inapunguza nusu ya kesi.

Na masikio, haraka haraka. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwenye hedifoni, mtoto 75. Kila ukiongeza desibeli 3 muda salama unakatika nusu. Nyie mnaoimba hedifoni zikiwa mpaka mwisho, mtapoteza masikio kabla ya sauti, na mwimbaji asiyesikia ana kazi gani. Toa upande mmoja, sikio moja liwe wazi ujisikie, utaona na sauti imeshuka yenyewe.

Mtu aliniuliza wiki iliyopita kuhusu kubandika trei za mayai ukutani ili sauti isitoke nje. Msijisumbue. Vitu laini na vyepesi vinapunguza mwangwi humo humo chumbani, mwimbaji anajisikia vizuri, ila haviizuii sauti kutoka. Inayozuia ni uzito na kuziba nyufa, anzeni na ule uwazi chini ya mlango, blanketi zito hapo linafanya kazi kuliko trei 100. Na bafuni wanapopenda ni kwa sababu vigae vinarudisha sauti, mtoto anajisikia kama ana maiki. Mwachieni bafu kwenye muda wake, mradi hakuna mtu kwenye foleni.

Wavulana nisiwasahau. Sauti ikianza kuvunjika, ikatoka mbili kwa wakati mmoja katikati ya neno, msiwacheke mbele za watu. Najua inachekesha, mimi mwenyewe nageukia ukutani. Lakini nimeona vijana wazuri sana wanaacha kuimba kabisa kwa sababu ya kicheko kimoja cha mezani, na hawarudi. Aendelee kuimba, ashuke chini kidogo, asilazimishe noti za zamani, itakaa.

Mnapenda kuniuliza mifano ya watu waliofika mbali. Salif Keita wa Mali, aliyezaliwa 1949, anatoka ukoo wa kifalme ambao kuimba haikuwa kazi yao, ni kazi ya jeli, wale waimbaji na wasimulizi wa kurithi, kwa hiyo nyumbani kwake walipinga kabisa. Na ile sauti yake inasimuliwa ilikomaa shambani kwa baba yake alipokuwa anapiga kelele kufukuza waharibifu wa mazao! Siti binti Saad naye kabla hajaenda Bombay mwaka 1928 kurekodi alikuwa anatembeza vyungu anauza, na sauti yake ilimtangulia kabla watu hawajamwona. Ila nawaomba msiwatumie hawa kwenye ugomvi wa nyumbani, kijana kusimama mbele ya mama kusema hata Salif Keita baba yake alimkataza. Wengi wenu hamtakuwa Salif Keita na mna haki ya kuimba vilevile.

Na kuna wazazi wa upande wa pili, wanaopenda kuimba kuliko mtoto mwenyewe. Manuel García, mwimbaji Mhispania wa miaka ya 1800 mwanzoni, alimfundisha binti yake Maria kwa ukali unaosimuliwa mpaka leo. Binti akawa nyota, Malibran, akafa 1836 ana miaka 28 tu baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi. Mtoto wa kiume, Manuel García kama baba, jukwaani hakudumu, akageukia ualimu, na mwaka 1854 akatumia vioo na mwanga wa jua kuangalia ndani ya koo lake mwenyewe wakati anaimba, akaziona nyuzi za sauti zikifanya kazi. Aliishi mpaka 1906, miaka 101. Mi huwa najiuliza huyo baba angeambiwa abonyeze kitufe kwake mwenyewe angekubali.

Haya maswali. Mama mmoja mbele kanyosha mkono mapema kabisa akasema mwalimu yote nimeelewa, kitufe nitampa muda nitampa, lakini tuseme ukweli, angekuwa anajua kuimba ningevumilia, huyu wangu anatoka nje ya tyuni, hana sauti kabisa. Na binti yupo hapo nyuma.

Mama, watu ambao kweli masikio yao hayatofautishi noti ni wachache sana. Wengi wanaotoka nje ya tyuni wanasikia vizuri tu, kinachowashinda ni kuipeleka misuli pale walipopasikia, na hiyo inafundishika, inafundishika kwa kurudia. Usimwambie wewe. Mwache ajirekodi kwenye simu asikilize mwenyewe bila wewe kuwepo chumbani, atazima katikati, atakasirika, atarudia, na sikio lake litamsahihisha kwa ukali kuliko wako. Akikuuliza nimeimbaje mwambie sehemu moja iliyotoka, ipo kila mara, itafute.

Akauliza sasa hiyo itachukua muda gani? Nikamwambia mama sijui, inaweza kuwa miezi, na muda wote huo ataimba vibaya, tena ataimbia kwako maana kwangu anakuja mara moja kwa wiki.